Aliyefagia Kabla ya Kuvunja

Sura ya Tano

Wendell Rhyne alipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa kufumia, akawasha tochi ingawa jua la Agosti lilikuwa limejaa madirishani, akamulika chini ya mtambo uliovunjwa. Alikwisha kuja hapa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ametazama kile kilichovunjwa. Leo aliamua kutazama sakafu.

Sakafu ilikuwa safi.

Aliinuka, akaenda kwenye mtambo wa jirani ambao haukuguswa, akainama tena. Huko vumbi la pamba lilikuwa limelala nene, la kijivu, limegandamana na mafuta kama sufu ya kondoo aliyenyeshewa. Akarudi kwenye ule uliovunjwa. Vipande vya chuma vilikuwa vimeangukia mbao zilizofagiwa vizuri, na aliyefagia alikuwa ameingiza brashi hadi kwenye pembe za miguu ya mtambo, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki.

"Nani alifagia hapa?" aliuliza.

Nyuma yake, meneja Carlisle Brantley alikuwa amesimama mikono mifukoni. Alijibu kwamba hakuna aliyefagia, kwamba kila kitu kilikuwa kama kilivyokutwa, na kwamba watu wa bima walikwisha kupiga picha zao na kuondoka wameridhika. Neno hilo la kuridhika alilivuta kidogo, ili mpelelezi wa sherifu alisikie.

Rhyne alilisikia, akaendelea na kazi yake.

Kiwanda cha Pruitt kilikuwa kimefuma shuka na foronya pale Haddon Falls, North Carolina, tangu enzi za babu zao. Kila mwaka, wiki ya sikukuu ya Uhuru mwezi Julai, viwanda vyote vya nguo vya upande ule hufungwa, na watu huenda pwani na watoto wao. Mwaka huu walirudi wamebabuka kwa jua wakakuta kufuli langoni. Kampuni ilieleza kwamba wakati wa mapumziko mhalifu aliingia na nyundo kubwa akavunja mitambo kumi na miwili ya safu ya kwanza, kwamba mkataba wa mwisho haukuweza kutimizwa, na kwamba kwa masikitiko makubwa kiwanda kimefungwa.

Wafanyakazi walikuwa na maelezo yao. Shuka za kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa madukani kwa nusu ya bei, na kila mwenye macho aliona siku ya kufuli inakuja. Walikuwa wameipelekea serikali ombi la ule msaada wanaopewa watu ambao kazi zao zimechukuliwa na bidhaa za nje. Ombi likikubaliwa, mamia ya watu wangelipwa posho huku wakisomea kazi nyingine, na wangesaidiwa bima ya matibabu. Likikataliwa, wangebaki na posho ya kawaida ya miezi michache, na baada ya hapo Mungu.

Afisa wa Washington anayelichunguza ombi hilo alikuwa amempigia Rhyne simu. Alikuwa mstaarabu, tena alionekana kuona aibu kidogo. Alieleza kwamba kampuni imeandika kuwa kiwanda kilikuwa hai na kingeendelea, ila mhalifu ndiye aliyekiua. Taarifa ya sherifu ikisema hivyo hivyo, basi si shuka za ng'ambo zilizochukua kazi za watu wale, na ombi litakataliwa. Aliomba taarifa kabla ya Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Rhyne alishika ubavu wa mtambo ili ainuke. Mtambo ukasogea.

Akauachia, akausukuma tena kwa kiganja. Chuma kizito kile, ambacho hutetemesha jengo zima kikifanya kazi bila kuhama hata unywele, kiliteleza kidogo kikakwaruza ubao. Rhyne alimulika miguu ya mtambo. Matundu ya bolti yalikuwa matupu.

Akapita mtambo mmoja mmoja kwenye safu ya kwanza. Yote iliyovunjwa haikuwa na bolti. Akapita safu ya pili. Kila mtambo ulikuwa umekazwa sakafuni barabara. Alirudi, akachuchumaa penye mtambo wa mwisho uliovunjwa, akaondoa kipande cha chuma kilichopasuka. Chini yake palikuwa na tundu la bolti, wazi.

"Bwana Brantley, njoo uone. Kipande hiki kilianguka juu ya tundu. Kama bolti ingekuwepo, kingekaa juu ya kichwa chake. Maana yake bolti zilitolewa kwanza, nyundo ikaja baadaye."

Brantley alisema kwamba labda mhalifu alizitoa.

"Kwa spana? Moja moja? Halafu akafagia?"

Meneja alitazama saa yake. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akatoa bahasha mfukoni mwa koti. Alisema alitaka kuikabidhi tangu wiki iliyopita lakini moyo ulimwia mzito, maana si vizuri kumtia mama wa watu matatani. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkasi mdogo wa mfumaji, uliofungwa utepe wa njano kwenye kishikio. Alisema aliuokota chini ya mtambo wa tatu, katikati ya vyuma.

Hapakuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Ule utepe wa njano ulikuwa wa Earline Mack, na Earline Mack ndiye aliyeandika ombi la wafanyakazi na kuwahimiza wenzake watie sahihi. Asubuhi ile ya kufuli, alisimama langoni mbele ya kamera za televisheni, akasema kwa sauti ya kutulia kabisa kwamba kama angejua mapema, angekivunja kiwanda yeye mwenyewe.

Rhyne aliutia mkasi katika mfuko wa nailoni, akaandika mahali na saa. Alimshukuru meneja. Brantley alimsindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Earline Mack alikuwa ameketi barazani, beseni la maharage mabichi mapajani, akiyakata vichwa kwa kidole gumba na kuyavunja vipande. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile nyumba za mbao ambazo kampuni iliwajengea wafumaji zamani kisha ikawauzia. Kutoka ndani ilisikika mashine ya hewa iliyomsaidia mumewe, Roosevelt, kupumua, ikivuta na kushusha. Roosevelt alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kuchambua pamba, na pamba ilikuwa imebaki kifuani mwake.

"Mtoto wa Geneva," alisema bila kuinua macho. "Umekuja kunikamata au umekuja kula?"

"Sijaamua, Bi Earline."

"Basi amua ukiwa umekaa. Na hiyo tai ilegeze, mama yako angeona hivyo angefikiri umekuja kunizika."

Rhyne aliketi, akalegeza tai. Mama yake, Geneva, na Earline walikuwa wamefuma kwenye mitambo ya jirani, na mama alipofariki, Earline ndiye aliyeshona pindo la gauni alilozikiwa. Hayo hayakuwa na nafasi katika taarifa. Alitoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya ukingo wa baraza.

Earline aliutazama mkasi. Alifuta vidole kwenye aproni kabla ya kunyoosha mkono, kisha akakumbuka, akaurudisha.

"Umeutoa wapi?"

Rhyne alimwambia ulikookotwa na aliyeuokota.

Mama yule alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akaeleza polepole, kana kwamba anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Wiki ya Julai mfumaji huuacha mkasi wake umening'inia kwenye mtambo wake. Ndivyo walivyofanya mama zao. Ukiupeleka nyumbani, umeacha kazi. Wenzako wataanza kukuaga na meneja atamtafuta mwingine. Mwaka huu watu walikuwa na wasiwasi, wakaulizana kama waichukue mikasi, na yeye Earline ndiye aliyewaambia waiache. Waliiacha wote.

"Mtu anayekwenda kuvunja mtambo wake, Wendell, haachi mkasi wake hapo. Na kama yule bwana amekuonyesha wangu, muulize mingine ya safu ile iko wapi. Wangu ulijiangukia peke yake?"

Rhyne aliandika. Alimuuliza kuhusu maneno ya langoni, na Earline akakubali kwamba aliyasema na kwamba hakuyajutia. Aliuliza alikuwa wapi wiki ile. Alikuwa hospitalini na Roosevelt, siku zote, hawakuona bahari. Hilo lingethibitishwa kwa simu moja.

"Unataka kusoma nini, ombi likipita?"

"Uuguzi. Nimeshajifunza nusu yake humu ndani." Alielekeza kidevu upande wa ile mashine ya hewa. "Dada yangu ananicheka, ananiambia wenzio wanastaafu wewe unanunua mkoba wa shule. Nikamwambia, nunua na wewe, ukae dawati la nyuma unibebee vitabu."

Alivunja maharage machache. Rhyne alimwambia kuhusu Washington na Ijumaa. Hakumficha kitu. Kisha, kwa sababu alihitaji kujua, alimwambia na jambo la sakafu: kwamba aliyevunja ile mitambo alikuwa ameisafisha kwanza, chini na pembeni, pamba yote, kabla ya kushika nyundo.

Mikono ya Earline ilisimama.

Rhyne alikuwa amehoji watu kwa muda mrefu wa kutosha kujua maana ya mikono iliyosimama. Ndani, mashine ilivuta na kushusha.

"Wiki ya Julai," alisema Rhyne, "mafundi hubaki kutengeneza mitambo. Mwaka huu waliitwa mafundi wangapi?"

"Mmoja."

"Nani?"

Earline aliendelea kuyatazama maharage. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti yake ilitoka kavu.

"Hilo sitakujibu."

"Bi Earline, ni ombi lako. Ni shule yako."

"Najua ni ya nani. Nimesema sitakujibu. Kula au uondoke."

Alimfungia maharage katika gazeti, akampa. Rhyne aliyapokea, maana kuyakataa kungekuwa tusi, akarudi kiwandani na yale maharage kwenye kiti cha abiria.

*

Mlinzi alimfungulia. Brantley alikuwa ameshaondoka.

Safari hii Rhyne hakuinama. Alikwenda moja kwa moja kwenye madirisha yaliyo mkabala na safu ya kwanza, madirisha marefu yenye vizingiti vipana ambavyo wafumaji waliwekea chai zao za baridi. Juu ya kizingiti cha katikati, mikasi ilikuwa imepangwa sambamba, ncha zote zikielekea ukutani. Wenye utepe mwekundu, wenye uzi wa buluu, wenye plasta iliyochafuka. Kumi na moja.

Kati ya wa pili na wa nne palikuwa na nafasi. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya kizingiti chote isipokuwa pale, ambapo lilikuwa limeacha umbo la mkasi mdogo, safi kama limechorwa.

Rhyne alipiga picha. Akapima. Akachora katika daftari lake.

Basi mkasi wa Earline haukuwa katikati ya vyuma. Ulikuwa hapa pamoja na mingine, umekaa siku za kutosha vumbi kuuzunguka, mpaka mkono mmoja ulipouchukua na kuutia katika bahasha. Mkono huo alikwisha kuujua. Ungeandikwa kwa jina katika ukurasa wake, na mwenye mkono angeulizwa maswali mbele ya wakili wake.

Lakini mkono wa kwanza ulikuwa mwingine. Ulitungua mikasi ya wafumaji kwenye mitambo yao, ukaiweka mahali ambapo nyundo haingeifikia, ukafagia, ndipo ukavunja. Mwizi au mlevi hafanyi hivyo. Anayevunja ili alipwe bima naye hafanyi hivyo.

Akiwa mtoto, Rhyne alikuwa akimletea mama yake chakula kwenye ukumbi huu. Palikuwa na fundi mmoja ambaye wafumaji walimwita Daktari. Mtambo ukisimama, mafundi wengine huchomeka spana papo hapo, maana mfumaji hulipwa kwa yadi na kila dakika ni hasara yake. Yule bwana hakufungua mtambo wenye pamba. Kwanza brashi, kisha kitambaa, kisha spana. Wanawake walimkejeli, walimuuliza kama anataka na maji ya moto na taulo, mtoto anazaliwa. Alicheka nao na kuendelea kupiga brashi. Jina lake Hoyt Setzer.

*

Darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, katika chumba cha chini cha kanisa la Methodisti, lilikuwa limekwisha. Mwalimu alikuwa ametoka kuwasindikiza watu, na Hoyt Setzer alibaki peke yake kwenye meza ndogo iliyotengenezwa kwa watoto wa shule ya Jumapili, magoti yake yamepanda juu. Alikuwa mzee wa mabega mapana. Mbele yake palikuwa na kitabu kilichofunguliwa, karatasi yenye mistari, penseli na kifutio.

"Mtoto wa Geneva," alisema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Rhyne alimwambia ana haki ya kunyamaza, akamweleza zote kama ilivyo sheria, moja baada ya nyingine.

"Nimenyamaza tangu Julai," alisema mzee. "Haikunifaa."

Alieleza bila kuulizwa sana. Miaka ya nyuma, wiki ya Julai, alikuwa akiitwa pamoja na mafundi wote. Mwaka huu Brantley alimwita yeye tu, Jumatatu asubuhi, akamwambia afungue bolti za safu ya kwanza. Safu ya pili wiki ijayo. Malori yangekuja, mitambo ingetiwa katika makasha, ipelekwe bandarini na kutoka hapo ng'ambo, kwa watu wale wale wanaofuma zile shuka. Aliambiwa asimwambie mtu. Tena aliambiwa kwamba kama angependa, kampuni ingempeleka huko kwa muda awaonyeshe jinsi ya kuifunga.

"Nikamwambia nitafikiri. Nikafungua bolti. Kazi ni kazi, nimeambiwa nifungue nikafungua. Zote za safu ile. Zimo kwenye ndoo, stoo, nyuma ya mapipa ya mafuta. Kisha nikakaa nikala mkate wangu wa nyanya, nikaitazama. Kila mtambo na mkasi wake umening'inia. Wa Earline na utepe wake. Wanarudi Jumatatu hao, nikajisemea, hakuna aliyewaambia."

"Ukachukua nyundo."

"Nilitungua mikasi kwanza. Ile ni mali yao. Nikaiweka dirishani."

"Na ukafagia."

Mzee alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Mzee Hoyt, kwa nini ulifagia?"

"Huwezi kugusa mtambo mchafu."

"Hukuwa unautengeneza. Ulikuwa unauvunja."

Hoyt aliitazama mikono yake juu ya meza ile ndogo. Ilikuwa na makovu meupe ya zamani na weusi wa mafuta usiotoka tena.

"Hii haikujua tofauti," alisema.

Bomba la maji lililia darini, likanyamaza. Rhyne aliuliza kwa nini hakusema kitu watu walipofungiwa nje, na hapo mzee alisita kwa mara ya kwanza. Alisema alisikia maelezo ya kampuni kwenye redio, kwamba kiwanda kimefungwa kwa sababu ya aliyevunja. Alijua hesabu haikuwa hiyo. Lakini watu waliyarudia maelezo hayo, dukani, kanisani, mpaka usiku akilala alikuwa anajiuliza kama kweli pengine wangebadilisha mawazo. Pengine malori yasingekuja. Ndipo Earline akaandika ombi, na yeye akajua kwamba akijitokeza, kampuni itamshika mkono na kumwonyesha kwa watu wa Washington: huyu hapa ndiye aliyewanyima kazi. Basi akaona bora akae kimya, ombi lipite, kisha aje mwenyewe kwa sherifu.

"Umekosea," alisema Rhyne, taratibu. "Wanalo tayari hilo la kuwaonyesha. Vyuma viko pale. Kitu wasichotaka kionekane ni bolti. Ni nani aliyesema zifunguliwe, na alisema lini, kabla ya nyundo au baada yake. Mitambo ilikuwa imekwisha kuuzwa ng'ambo wakati watu wakiwa pwani. Hilo mnalijua wawili tu, wewe na Brantley. Na Brantley hatalisema."

Midomo ya Hoyt ilisogea kidogo, kama ya mtu anayejifunza kusoma.

"Nikisema, Earline atapata shule yake?"

"Siwezi kukuahidi. Nisipoandika haya, hatapata."

"Na mimi?"

Alikuwa ameuliza akitazama kile kitabu. Mwalimu alikuwa amemwambia Rhyne pale mlangoni kwamba mzee huyu alikuwa mtu wa kwanza kufika kujiandikisha, akisubiri msaada ule, maana darasa la kanisa lilikuwa la saa moja tu kwa wiki na yeye alitaka shule ya kutwa, yenye dawati la kumtosha. Maisha yake yote mkewe alimsomea barua, na mkewe alikuwa amefariki wakati wa Kwaresima.

Rhyne aliinyoosha kalamu ikawa sambamba na ukingo wa daftari.

"Wewe utaanza na hakimu, Mzee."

"Haya," alisema Hoyt Setzer. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. "Haya. Andika."

Rhyne aliandika. Aliandika jina na umri, siku aliyoitwa, maneno ya Brantley kama mzee alivyoyakumbuka, bolti na ndoo na stoo, malori, nyundo. Alipomaliza aliinua karatasi ili asome kwa sauti, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo kwa mtu asiyejua kusoma. Hoyt alinyoosha mkono.

"Lete. Nitasoma mwenyewe."

Alisoma kwa kidole. Alikwama kwenye maneno, akarudi nyuma, akayavamia tena. Mara moja aligeuza karatasi kuelekea dirishani ili apate mwanga. Nje, mtu aliwasha mashine ya kukata nyasi, akaizima. Rhyne alikaa mikono magotini na hakumsaidia hata neno moja, ingawa mahali fulani mzee alipambana na jina lake mwenyewe la ukoo kwa vile liliandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha.

Alipofika mwisho, akarudi katikati.

"Hukuandika kwamba nilifagia."

"Si lazima, Mzee. Wala haikusaidii. Mwendesha mashtaka atasema hukuwa na hasira, ulikuwa umetulia na umekusudia."

"Nilifagia."

"Najua."

"Basi andika."

Rhyne aliandika katika nafasi iliyobaki ukingoni, kwa herufi zilizotengana. Hoyt aliuvuta ukurasa, akausoma mstari ule mpya peke yake, kidole kikitembea chini ya kila neno, na safari hii hakukwama. Akachukua kalamu, akatia jina lake.

Kisha akafunga kitabu, akakirudisha kwenye rafu mahali pake kati ya vingine. Akaweka penseli katika kopo. Juu ya meza palikuwa pamebaki takataka za kifutio. Alizikusanya kwa ubapa wa kiganja, polepole, hadi pembeni kabisa, akazikinga kwa mkono wa pili, akazipeleka kwenye pipa la taka.

Alirudi akainama kuitazama meza. Alipoona ni safi, alimgeukia mtoto wa Geneva na kumpa mikono yake yote miwili aitie pingu.